KILIMA, KICHAKA NA BOMA: KWA NINI WAZEE WETU WALISHINDA LUGALO WAKASHINDWA KALENGA

Yafuatayo ni maneno ya hotuba ya mmoja wa waandalizi wa chama, ambaye kwa kazi ni mwalimu, aliyoitoa mbele ya wanachama na wageni wa tawi.



Najua mmezoea kuniona nikisimama hapa kudai ada. (Vicheko.) Leo ada naiacha kati yenu na dhamiri zenu. Nimetakiwa nizungumze habari za historia, nami nimechagua jambo moja ambalo wengi hulipita kama mtu apitaye jiwe njiani: ardhi ambayo vita hupiganwa juu yake. Yaani kilima, mto, kichaka, uwanja mtupu, ukuta na handaki.

Sababu ya kulichagua ni hii. Kila tukaapo barazani kuzungumza habari za wazee wetu waliopigana na Wajerumani, husikia maneno ya namna tatu. Wako wasemao, "Wazee walikuwa na mikuki, Mdachi alikuwa na bunduki, basi, habari imekwisha." Wako wasemao, "Walishindwa kwa ujinga, kwa kuwa walimwamini mganga." Na wako wapenda sifa wasemao kwamba wazee wetu hawakushindwa kamwe, ila walisalitiwa. Maneno hayo yote humfanya mtoto asiulize tena. Kama bunduki ndiyo kila kitu, Lugalo isingalitokea. Kama wazee walikuwa wajinga, Lugalo vile vile isingalitokea. Na kama hawakushindwa kamwe, nani basi aliyeubomoa ukuta wa Kalenga?

Ndugu zangu, taifa lisilojua kwa nini lilishinda na kwa nini lilishindwa laweza kudanganywa na mtu yeyote mwenye sauti kubwa. Kwa hiyo nataka tutembee pamoja katika mahali panne pa nchi yetu: Lugalo, Kalenga, Mahenge na Tanga. Katika kila mahali tutauliza maswali manne. Mwalimu haachi ubao wake, basi nitayaandika hapa.

La kwanza: Nani alimwona mwenzake kwanza?

La pili: Silaha ya nani iliweza kumfikia mwenzake?

La tatu: Nani aliweza kusogea, kwenda mbele au kurudi nyuma apendavyo?

La nne: Chakula, maji na risasi vilitoka wapi?

Ardhi haina kabila wala haina serikali. Humsaidia yule aliyeyajibu maswali haya kabla ya mapambano. Wahenga wamesema, nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Lakini nitawaonyesha pia kwamba hata mwenye nyumba huweza kufungiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

LUGALO, 1891

Mwaka 1891 kamanda wa jeshi la Wajerumani katika nchi hii alikuwa Emil von Zelewski. Watu wa pwani walimpa jina la Nyundo. Walimjua vema, maana miaka mitatu kabla yake alikuwa Pangani, na matendo yake huko yalikuwa moja ya mambo yaliyowasha vita vya Abushiri mwaka 1888. Sasa alipanda bara kwenda Uhehe akiwa na Wazungu 13, askari wapatao 320, na wapagazi zaidi ya mia. Alikuwa na bunduki za kisasa, mizinga na bombomu. Njiani alichoma vijiji.

Alfajiri ya tarehe 17 Agosti, 1891, jeshi hilo lilifika Lugalo, mahali palipo kilomita zipatazo 25 mashariki ya Iringa ya leo. Njia yapita ubavuni mwa kilima chenye mawe makubwa na vichaka vingi. Wahehe wapatao 3,000 walikuwa wamelala nyuma ya mawe hayo, kimya.

Tazameni sasa msafara ule ulivyokuwa. Watu zaidi ya mia nne wakienda mmoja nyuma ya mmoja katika njia nyembamba. Wa mbele hamwoni wa nyuma. Mizinga na bombomu ilikuwa mizigo tu kama mizigo mingine, haikuwa imefungwa tayari kupiga. Mtu mwenye bombomu mgongoni mwa punda hana bombomu, ana punda. (Vicheko na makofi.) Tena Zelewski hakutuma watu kuyapekua mawe yale kabla ya kupita. Aliwadharau Wahehe, na dharau haihitaji wapelelezi.

Ishara ilipotolewa Wahehe waliruka kutoka mawe yale, na kutoka hapo mpaka njiani ilikuwa mbio chache tu. Hapo ndipo lilipo jibu la swali letu la pili. Bunduki yaua kwa mbali, mkuki waua kwa karibu. Katika uwanja wa wazi mwenye bunduki hupata nafasi ya kupiga mara ya kwanza, akatia risasi nyingine, akapiga mara ya pili na ya tatu kabla mkuki haujafika. Pale Lugalo uwanja huo haukuwapo. Wahehe walikuwa wameufupisha kwa kuchagua mahali. Wengi wa askari hawakupata nafasi ya kupiga hata mara mbili. Wanyama waliobeba mizigo walishtuka, wakakimbia huku na huko katikati ya watu, na mpango wote ukavurugika. Zelewski mwenyewe aliuawa pale. Wazungu 10 waliuawa, na askari wapatao 250, na wapagazi karibu 100. Wahehe nao walipoteza watu wengi, lakini waliondoka na bunduki zipatazo 300 na mizinga.

Lakini nawaomba msiondoke Lugalo upesi, maana liko jambo moja ambalo wasimuliaji wengi huliacha. Si jeshi lote lililokufa. Kundi la nyuma, chini ya luteni mmoja aitwaye Tettenborn, lilikuwa halijaingia bado katika sehemu ile mbaya. Liliposikia kelele lilishika kilima, likakusanya waliobaki, likakaa pale likijilinda, kisha likapata njia ya kurudi mpaka Kondoa ya Kilosa. Fikirini jambo hilo. Askari ni wale wale, wa jeshi lile lile. Bunduki ni zile zile. Asubuhi ni ile ile. Wahehe ni wale wale na ushujaa wao. Waliokuwa chini ya mawe walikufa, na waliokuwa juu ya kilima walipona. Kilichotofautiana ni mahali miguu yao iliposimama. Mwalimu akitaka kuonyesha kazi ya ardhi katika vita hatapata mfano ulio safi kuliko huo.

Na jambo lingine lazima niliseme, ingawa halipendezi masikio. Wengi wa waliokufa upande wa Wajerumani walikuwa Waafrika. Askari wale walikuwa Wasudani walioandikwa Misri, na wengine watu walioletwa kutoka Msumbiji, na wapagazi walikuwa watu wetu. Tukumbukapo Lugalo kwa fahari, na tuwakumbuke na wale waliobeba mizigo isiyokuwa yao wakafia njia isiyokuwa yao.

KALENGA, 1894

Mtu aliyeshinda namna ile angefanya nini baadaye? Pengine mngesema angerudia lile lile. Lakini Mkwawa alikuwa na mji wake, Kalenga, kando ya mto Ruaha Mdogo, umezungukwa na ukuta wa mawe na udongo mrefu kuliko kimo cha mtu. Ulikuwa kazi kubwa, na sifa zake zilienea mbali. Kwa vita vya zamani ukuta ule ulikuwa na maana. Jirani ajapo na mikuki na magobori, ukuta humzuia, naye akikaa nje siku nyingi njaa humrudisha kwao.

Wajerumani walirudi mwaka 1894 chini ya Gavana von Schele, na safari hii hawakuwa msafara wa kupita. Walileta mizinga, wakaipanga mahali pa kuutazama mji. Wenyeji husimulia kwamba makombora yalitupwa kutoka upande wa milima ya Tosamaganga. Tarehe 30 Oktoba, 1894, baada ya kuupiga mji kwa mizinga, askari walioongozwa na Tom von Prince waliupanda ukuta wakaingia ndani. Walipigana saa nyingi nyumba kwa nyumba. Wahehe hawakukimbia. Lakini jua lilipotua Kalenga ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, pamoja na akiba kubwa ya baruti. Mkwawa mwenyewe alitoka akaingia porini.

Turudi ubaoni. Nani alimwona mwenzake? Pale Lugalo Wahehe walimwona adui naye hakuwaona. Pale Kalenga adui aliuona mji mzima, maana ukuta hauwezi kujificha nyuma ya jiwe. Silaha ya nani ilifika? Mzinga ulifika ndani, mkuki haukufika nje. Nani aliweza kusogea? Mwenye mzinga alichagua mahali pa kusimama na saa ya kupiga, na mlinzi alifungwa na ukuta wake mwenyewe. Ukuta uliojengwa kumzuia adui asifike karibu ulimzuia pia mwenye mkuki asimfikie adui. Hata ardhi waliyoijua kuliko mtu yeyote haikuwafaa siku ile, kwa kuwa walikuwa hawaitumii tena; walikuwa wakiutumia ukuta.

Je, nasema Mkwawa alikuwa mjinga? Hasha. Mfalme ana mji, na mji una wanawake na watoto, una ghala na mifugo na makaburi ya wazee. Si rahisi kumwambia mfalme auache mji wake uchomwe. Wako majemadari wa Ulaya waliofanya kosa hilo hilo miaka ishirini baadaye, nao walikuwa wamesoma vyuo vya vita. Katika Ubelgiji, mwaka 1914, ngome za Liège zilizojengwa kwa saruji na chuma zilivunjwa na mizinga mikubwa ya Wajerumani katika siku chache. Ngome ni nzuri mpaka siku ile atakapokuja mtu mwenye silaha ambayo mjenzi hakuifikiria.

MAHENGE, 1905

Sasa tugeuze mambo. Kalenga mwenye boma alikuwa Mwafrika, na Mahenge mwenye boma alikuwa Mjerumani.

Vita vya Maji Maji vilianza katika nchi ya Wamatumbi mwezi wa Julai, 1905. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa watu maji, akawaambia kwamba risasi zitageuka maji. Wajerumani walimnyonga mwanzoni mwa mwezi wa Agosti, lakini neno lake lilikwisha kwenda. Tarehe 30 Agosti, 1905, maelfu ya wapiganaji, hasa Wapogoro na Wambunga, walilishambulia boma la Mahenge. Ndani yake alikuwamo Kapteni von Hassel na askari wapatao 60, pamoja na watu mia kadhaa wa wenyeji waliokuwa upande wao. Walikuwa na bombomu mbili.

Askari 60 mbele ya maelfu! Mtu akihesabu vichwa tu angesema boma litaanguka kabla ya chakula cha mchana. Lakini mbele ya boma palikuwa uwanja wa wazi, na bombomu ilikuwa mahali pa juu pa kuutazama uwanja huo. Wapiganaji walikuja kwa makundi, wamesimama wima, mchana, wakitembea kama jeshi la gwaride. Risasi ziliwaangusha safu kwa safu. Waliobaki waliwaruka wenzao walioanguka, wakaendelea mpaka hatua chache tu kutoka kwa askari, wakaangushwa nao. Kundi la pili lilitokea upande mwingine baada ya la kwanza kuvunjika, nalo likapata yale yale. Mamia walikufa siku ile. Boma halikuanguka, ingawa lilizungukwa mpaka msaada ulipofika kutoka Iringa mwezi wa Septemba.

Wazee wangu, hapa natembea polepole, maana natembea juu ya makaburi. Mtu asiniambie kwamba watu wale walikuwa wajinga. Maji yalifanya kazi ambayo hapana mfalme aliyewahi kuifanya kabla yake: yaliunganisha makabila ambayo jana yake yalikuwa hayasalimiani, kutoka Kilwa hata Songea. Kwa kazi hiyo tunayaheshimu. Lakini maji yale yale yalimwondolea mpiganaji haja ya kuinama. Mtu aliyeambiwa kwamba risasi haimwingii hana sababu ya kutafuta jiwe la kujificha, wala ya kungoja usiku, wala ya kupita bondeni. Yalimpa umoja, yakamnyang'anya ardhi yake. Na ardhi ndiyo ngao pekee ambayo Mjerumani hakuweza kuinunua Ulaya.

Fikirini: Lugalo watu 3,000 wenye mikuki waliwashinda watu wenye bombomu. Mahenge maelfu wenye mikuki walishindwa na bombomu mbili. Ushujaa ulikuwa sawa. Ukitaka kujua tofauti, pima hatua kutoka mahali mpiganaji alipotokea mpaka mahali adui aliposimama, kisha uliza kama hatua hizo zilikuwa na kichaka au hazina.

TANGA, 1914

Mfano wa nne si vita vyetu. Ni vita vya Wazungu waliogombana kwao wakaja kupigana kwetu. Lakini wafaa, kwa kuwa waonyesha kwamba Mzungu naye akiidharau ardhi hupata malipo yale yale.

Mwanzoni mwa mwezi wa Novemba, 1914, meli za Waingereza zilifika Tanga na askari wapatao 8,000 waliotoka Uhindi, chini ya Jenerali Aitken. Wajerumani, chini ya von Lettow-Vorbeck, walikuwa na watu wapatao 1,000 tu, wengi wao askari wa Kiafrika. Tarehe 2 manowari ya Waingereza iliingia ikaamuru mji utii. Wajerumani waliomba muda, wakapewa. Katika muda huo gari la moshi lilikuwa likileta vikosi kutoka Moshi. Swali la nne, ndugu zangu: risasi na watu vilitoka wapi? Vilitoka kwenye reli, na reli ilikuwa mikononi mwa mlinzi.

Waingereza walishuka Ras Kasone, katika mikoko na majabali, wakaingia katika mashamba ya mpira na ya mkonge, na vichaka vizito. Walikuwa wamechoka na bahari, na jenerali wao hakutuma watu kuipeleleza njia kwanza. Upande wa pili, von Lettow-Vorbeck alipanda baisikeli usiku, akapita katika mji uliokimbiwa na watu, akaenda karibu kabisa na mahali Waingereza waliposhukia, akajionea mwenyewe kwa macho yake. Baisikeli moja usiku mmoja ilifaa kuliko meli nyingi. (Makofi.)

Tarehe 4 Novemba Waingereza walisonga mbele. Katika vichaka vikosi vilipotezana. Mbele yao, ukingoni mwa mji, reli ilipita katika mkato uliochimbwa ardhini, na Wajerumani walikuwa wameugeuza kuwa handaki lililo tayari, bombomu zimewekwa mahali pake. Wengine walifika hata ndani ya mji, lakini upande wa kushoto wa Waingereza ulikuwa mtupu, nao Wajerumani waliweka kikosi cha askari mahali pa kuupiga ubavuni. Hata nyuki waliokuwa katika mizinga yao mitini walikasirishwa na risasi wakawashambulia watu. Kesho yake Waingereza walirudi katika meli zao. Zaidi ya watu 800 wao walikuwa wameuawa, wamejeruhiwa au wamepotea. Waliacha ufukweni mamia ya bunduki, bombomu kadhaa, na risasi zipatazo 600,000. Silaha hizo zilimtumikia von Lettow-Vorbeck kwa muda mrefu.

Watu 1,000 waliwarudisha watu 8,000. Hakuna aliyewapa maji ya dawa. Walikuwa na mkato wa reli.

Lakini msishangilie sana. Vita hivyo viliendelea miaka minne, na mzigo wake ulibebwa vichwani mwa watu wetu. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao ni zaidi ya 40,000. Mtu apitaye Kariakoo, Dar es Salaam, akumbuke kwamba jina hilo lilitokana na kikosi cha wapagazi hao.

MSITU, CHAKULA NA WATU

Sasa narudi kwa Mkwawa, maana tulimwacha akiingia porini mwaka 1894, na habari yake haikuisha hapo.

Baada ya kuanguka kwa ukuta wake Mkwawa alijifunza upya somo la Lugalo. Kwa miaka karibu minne alipigana bila mji. Aliwashambulia Wajerumani njiani na kambini, akaondoka kabla hawajakusanyika. Milima na misitu ya Uhehe ilimficha. Wajerumani walijenga Iringa karibu naye, wakatoa ahadi ya rupia 5,000 kwa mtu atakayekileta kichwa chake, na bado hawakumpata kwa siku nyingi.

Basi kwa nini alishindwa mwishoni? Msitu ulikuwa ule ule, na milima haikuhama. Jibu liko katika swali la nne. Mtu hali mawe. Aliyejificha msituni hulishwa na aliye shambani. Wajerumani walipoona hawawezi kuushinda msitu waliwageukia watu: walichoma mazao, walichukua mifugo, waliwaadhibu waliompa chakula. Na majirani ambao Mkwawa mwenyewe alikuwa amewapiga na kuwafukuza zamani, kama Wasangu wa Merere, walikuwa upande wa Wajerumani. Kidogo kidogo nchi ya Mkwawa ilipungua ingawa milima ilibaki. Mwisho alibaki na vijana wachache, mgonjwa na mwenye njaa. Tarehe 19 Julai, 1898, pale Mlambalasi, alijipiga risasi asishikwe hai. Kichwa chake kilipelekwa Ulaya, na kilirudishwa mwaka 1954. Hata leo kimehifadhiwa Kalenga.

Maji Maji ilimalizwa kwa njia iyo hiyo. Baada ya Mahenge wapiganaji wengi waliacha kushambulia maboma wakaingia maporini, na hapo Wajerumani walipata taabu kweli. Basi walivipiga vita vyakula. Walichoma mashamba na ghala na vijiji. Wanahistoria wengine hukadiria kwamba waliokufa ni watu 250,000 hata 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa. Njaa hiyo ilikuwa silaha iliyotumiwa kwa makusudi. Basi katika hesabu ya ardhi tusisahau shamba la mama. Ghala la mahindi ni boma, na mwanamke alimaye ni mlinzi wa boma hilo, ingawa historia haikuandika jina lake. (Makofi ya akina mama.)

TUNALOJIFUNZA

Nafupisha, maana naona Bwana Mwenyekiti anatazama saa.

Mtoto akikuuliza, "Babu zetu walishindwa kwa nini?", usimjibu kwa neno moja. Mwambie kwamba walipochagua mahali walishinda hata bombomu. Mwambie kwamba walipojifungia ukutani, au walipotembea wima katika uwanja wa wazi, ushujaa wao haukuwatosha. Mwambie pia kwamba mwenye kilima na msitu hushindwa akikosa chakula na marafiki. Mkwawa hakukosa milima. Alikosa jirani. Na Maji Maji ilipopata majirani ilikosa mahali pa kujikinga. Hayo mawili hayakukutana katika nchi yetu kwa wakati mmoja, na ndiyo maana Wajerumani walikaa mpaka walipofukuzwa na Wazungu wenzao. Uhuru ulipokuja mwaka 1961 ulikuja kwa njia nyingine, njia ya kuwakutanisha majirani kwanza, na haukuhitaji Lugalo ya pili.

Kambi ya jeshi pale Dar es Salaam inaitwa Lugalo. Ni jina jema. Lakini jina peke yake halimfundishi mtu. Kwa hiyo nina ombi moja kwa walimu wenzangu na kwa kila mwanachama mwenye watoto. Msiwafundishe vita hivi kwa tarehe tupu. Aliye karibu na Lugalo awapeleke watoto wasimame njiani, chini ya mawe yale; kisha wapande juu, watazame chini. Aliye karibu na Mahenge awaoneshe uwanja ule, wahesabu hatua zao. Aliye Tanga awapeleke Ras Kasone, watembee kutoka ufukweni mpaka reli. Miguu itawafundisha yale ambayo ubao wangu hauwezi.

Na aliye na mzee nyumbani aliyesimuliwa na baba yake au babu yake habari hizi, akae naye wiki hii na daftari. Amwulize mahali hasa: mto gani, mti gani, jiwe gani, walilala wapi usiku ule, walikula nini, nani aliwaletea. Wazee hawa wanapungua kila mwaka, na mzee akiondoka huondoka na njia zake zote. Daftari hizo zileteni kwangu hapa tawini. Mimi nitazisoma zote, na zile za ada nitazipokea pia. (Vicheko.)

 (Makofi.)